Gari Likigoma Kuwaka: Sikiliza, Pima, Ndipo Uilaumu Betri

Niliwahi kubadilisha betri mara mbili ndani ya mwaka mmoja, na mara zote mbili betri niliyoitoa ilikuwa nzima. Kosa lilikuwa kwenye waya mweusi mnene unaotoka kichwa cha hasi kwenda kwenye bodi. Kwa juu ulionekana safi. Kwa chini, pale ulipofungwa kwa bolti moja mahali ambapo jicho halifiki mpaka uiname na tochi, nyuzi za shaba zilikuwa zimegeuka unga wa kijani, na zilizobaki zimeshika hazikufika robo. Kila betri mpya ilinipa wiki chache za amani kwa sababu ilikuja imejaa na nyaya zilikuwa zimetikiswa wakati wa kuifunga. Kisha mchezo ukaanza upya.

Siku nilipoukata ule waya, nikafunga kichwa kipya na kusugua bodi mpaka chuma king'ae, gari liliwaka kwa mguso mmoja. Tangu hapo sinunui betri kabla ya kufuata utaratibu ufuatao, na ningependa na wewe uujue, maana betri ni ghali na mara nyingi inabebeshwa makosa ya wengine.

Kabla ya kugusa chochote, vua pete, saa na bangili. Chuma kikiunganisha vichwa viwili vya betri huwa chekundu kwa sekunde chache na kuichoma ngozi iliyo chini yake. Usivute sigara wala kuwasha kiberiti karibu. Betri inayochajiwa hutoa gesi ya haidrojeni, na hiyo hulipuka.

Hatua ya 1: Sikiliza gari linasema nini

Geuza ufunguo mara moja tu, halafu tulia. Swali la kwanza ni moja: je, stata, yaani mota ndogo ya umeme inayoianzisha injini, inaizungusha au haizungushi? Watu wengi husema tu "gari haliwaki", na fundi analazimika kuanza kubahatisha. Majibu ya swali hili yanakupeleka njia mbili tofauti kabisa.

Kimya kabisa, hata taa za dashibodi hazionekani. Betri imekwisha kabisa, au kibano kinachoshika waya kwenye kichwa cha betri kimelegea, au fyuzi kuu imekatika. Anza na kibano, kwani ndicho rahisi.

Taa zinawaka vizuri, lakini ukigeuza ufunguo hakuna mlio. Gari la otomatiki halikubali kupiga stata kama mtambo wa gia haujatambua kuwa uko kwenye P (ya kuegesha) au N (gia huru). Kanyaga breki, peleka gia kwenye N, jaribu tena. Likiwaka kwenye N na kukataa kwenye P, swichi ya gia ndiyo mgonjwa. Kwenye gari la gia za mkono, kanyaga klachi mpaka chini kabisa, kwa sababu magari mengi yana swichi ndogo chini ya pedali hiyo. Kama bado, inabaki rilei ya stata (swichi inayoendeshwa na umeme), swichi ya ufunguo, au ule waya mwembamba unaoipa stata amri.

Ta-ta-ta-ta-ta ya haraka haraka. Huu ndio mlio unaostahili kueleweka vizuri. Ndani ya stata kuna solenoidi, sumaku ya umeme inayovuta chuma ili kuunganisha njia kuu ya umeme. Umeme mdogo unatosha kuivuta. Lakini njia kuu ikiunganika tu, stata inadai ampea mia moja na zaidi kwa mpigo, betri dhaifu inazama, sumaku inakosa nguvu na kuachia. Ikiachia, mzigo unaondoka, volti zinapanda, sumaku inavuta tena. Inavuta, inaachia, inavuta, inaachia. Kwa hiyo mlio huo unakuambia kwamba amri inafika na sumaku inafanya kazi, ila umeme mwingi haupiti. Unaweza kukosekana kwenye betri yenyewe, au ukakwama njiani kwenye kiungo kibovu kama ule waya wangu.

"Tak" moja nzito, kisha kimya. Mara nyingi ni stata: kaboni zake zimeisha au shaba za solenoidi zimeungua. Ukiigonga kwa upole na mpini wa nyundo huku mwenzako anageuza ufunguo na ikazunguka, umepata jibu. Usiigonge kwa hasira, kwani zipo stata zenye sumaku za kudumu ndani ambazo hupasuka. Kugonga huko kukufikishe kwa fundi tu, kusigeuke tabia ya kila asubuhi.

Inazunguka kwa uvivu, kama mtu anayepandisha mlima na gunia mgongoni. Betri ya chini, nyaya chafu, au stata iliyochoka. Nenda hatua ya 2 na ya 3.

Inazunguka vizuri kwa kasi yake ya kila siku, lakini injini haishiki. Hapa betri imeshafanya kazi yake. Iache. Nitarudi kwenye hili baadaye.

Inazunguka kwa wepesi usio wa kawaida, kama haina mzigo. Acha hapohapo, usirudie. Huenda mkanda wa taimingi umekatika, na kwenye injini nyingi kuendelea kuzungusha ni kuzidisha uharibifu wa valvu. Vivyo hivyo kama gari limezimika ndani ya maji ya mafuriko: usipige stata kabisa. Maji hayabanwi kama hewa, na pistoni ikikutana nayo hupinda kono lake.

Kuna jaribio dogo la kumalizia hatua hii. Washa taa kubwa, simama mbele au egesha ukitazamana na ukuta, halafu mtu apige stata. Taa zikififia mpaka karibu kuzima, umeme hautoshi: betri au nyaya. Taa zisipobadilika hata kidogo, umeme haujaitwa kabisa, kwa hiyo tatizo liko kwenye amri ya stata au stata yenyewe.

Hatua ya 2: Vichwa na vibano

Shika kila kibano kwa mkono na ujaribu kukizungusha. Kikizunguka hata kidogo, umepata kosa la kwanza, na huenda ndilo la mwisho. Kiungo kilicholegea hupitisha umeme wa redio na taa bila shida yoyote, ndiyo maana huwapotosha watu.

Ukiona unga mweupe, wa kijani au wa samawati, fungua na usafishe. Anza kufungua hasi, ndipo chanya. Wakati wa kufunga, chanya kwanza, hasi mwisho. Sababu yake ni hii: bodi nzima ya gari imeunganishwa na hasi. Ukianza na chanya na spana ikateleza ikagusa bodi, umetengeneza mzunguko mfupi wenye cheche kubwa. Hasi ikishatoka, spana iliyoshika chanya ikigusa bodi hakutokei kitu. Kwenye magari yenye redio ya namba za siri, hakikisha unazo kabla ya kuchomoa.

Changanya magadi ya kuokea na maji, mimina taratibu, utaona povu likichemka: ni asidi inakufa. Hakikisha vifuniko vya betri vimefungwa, mchanganyiko usiingie ndani. Suuza, kausha, sugua kichwa na sehemu ya ndani ya kibano kwa brashi ya waya mpaka risasi ing'ae. Funga, kaza, ndipo upake grisi au mafuta ya mgando kwa juu.

Halafu fuata waya mweusi mpaka mwisho wake. Na mwekundu pia. Usiridhike na ncha inayoonekana. Mara nyingi kuna waya wa pili wa bodi kutoka injini kwenda kwenye fremu, kwa sababu injini imekalia mipira, na mpira haupitishi umeme. Huo ukikatika, stata inakosa njia ya kurudishia umeme.

Hatua ya 3: Pima

Multimita ya kawaida, yaani mita ya kupimia umeme, inatosha. Weka kwenye volti za DC, kipimo cha 20. Acha gari likae limezimwa saa kadhaa, vizuri zaidi usiku mzima, maana betri iliyotoka kuchajiwa sasa hivi huonyesha volti za juu zisizo za kweli. Gusa vichwa vyenyewe vya betri, siyo vibano.

Betri ya asidi ina vyumba 6, kila kimoja kikitoa takriban volti 2.1. Ndiyo maana betri iliyojaa husoma karibu 12.6 au 12.7. Ikisoma 12.4, imebaki kama robo tatu. Kwenye 12.2 imefika nusu. Kwenye 12.0 imebaki kama robo, na chini ya hapo imekwisha. Ukipata karibu 10.5 hata baada ya kuichaji usiku kucha, chumba kimoja kimekufa, na hiyo sasa ni betri ya kubadilisha kweli.

Lakini volti za betri iliyolala hazitoshi. Betri kuukuu yaweza kusoma 12.6 ikiwa haina mzigo na kuporomoka mara tu inapoombwa kazi. Kwa hiyo acha mita imeshika vichwa, na mwenzako apige stata. Katika hali ya hewa ya kawaida, betri nzima iliyojaa haishuki chini ya takriban 9.6 wakati injini inazungushwa. Ikianguka hadi 8 au 7, haina nguvu tena. Ikibaki juu ya 10 huku stata ikivuta kwa uvivu, iachie betri, fuata nyaya na stata.

Kipimo kinachofuata ndicho ningekuomba usikiruke, kwa sababu ndicho kingeniokolea betri mbili. Weka ncha moja ya mita kwenye kichwa cha hasi, nyingine kwenye chuma kitupu cha injini, halafu mtu apige stata. Ungetarajia sifuri, kwa sababu pande zote mbili ni hasi. Njia ikiwa nzuri utaona takriban 0.2 au chini. Ikifika 0.5 au zaidi, umeme unapotelea njiani. Sogeza ncha hatua kwa hatua, kutoka kichwa hadi kibano, kibano hadi waya, waya hadi bodi, bodi hadi injini, na pale namba inaporuka ndipo penye kutu. Fanya vilevile upande wa chanya, kutoka kichwa cha betri mpaka bolti kubwa ya stata, ukiwa mwangalifu na feni na mikanda.

Mwisho, washa injini na upime tena kwenye betri. Alteneta, yaani jenereta inayochaji betri injini ikiwaka, ikiwa nzima kwa kawaida hutoa kati ya 13.8 na 14.7. Ikibaki 12 na kitu, betri inakula akiba yake na gari litakuacha njiani. Ikizidi 15, kidhibiti cha chaji kimekufa na betri inachemshwa. Magari mapya kiasi yana kompyuta inayopandisha na kushusha chaji kwa makusudi, kwa hiyo washa taa kubwa na feni, tazama kwa dakika kadhaa kabla ya kuhukumu.

Hatua ya 4: Umeme unaovuja usiku

Gari lililowaka vizuri jana jioni na kufa leo asubuhi, tena na tena, huku betri na alteneta zikipima vizuri, lina kitu kinachokunywa umeme wakati umelala.

Magari karibu yote hutumia kidogo hata yakizimwa, na hadi takriban miliampea 50 huonekana ni kawaida. Piga hesabu: miliampea 50 kwa saa 24 ni ampea-saa 1.2. Betri ya ampea-saa 60 itafika nusu baada ya siku 25 hivi. Sasa chukua taa ndogo ya wati 5 ya buti inayobaki imewaka kwa sababu swichi yake imekwama. Hiyo inavuta takriban ampea 0.4, yaani ampea-saa 10 kwa siku. Ndani ya siku tatu betri ileile imefika nusu. Taa ya wati tano tu, ambayo huioni kwa sababu buti limefungwa.

Kupima, zima kila kitu, toa ufunguo, fungua boneti, na usukume kitasa cha mlango kwa bisibisi ili gari lidhani mlango umefungwa. Hamisha waya mwekundu wa mita kwenye tundu la ampea 10. Chomoa kibano cha hasi, na uweke mita katikati: ncha moja kwenye kichwa cha betri, nyingine kwenye kibano. Usiwashe gari wala kufungua swichi ya ufunguo mita ikiwa hapo, fyuzi yake itaungua mara moja. Subiri nusu saa, na kwa magari yenye kompyuta nyingi hata saa nzima, mpaka zote zilale. Kama mita bado inasoma juu sana, chomoa fyuzi moja moja. Namba ikianguka ghafla, umeupata mzunguko unaovujisha. Anza kushuku vilivyoongezwa baada ya gari kutoka kiwandani: redio, king'ora, kifaa cha kufuatilia gari, chaja ya simu iliyosahaulika. Kama fyuzi zote zimetoka na umeme bado unapita, chomoa alteneta, kwani dayodi yake (kipande kinachoruhusu umeme upite upande mmoja tu) ikiungua humwaga umeme kimyakimya.

Stata inazungusha, injini haishiki

Kwa kifupi, kwa sababu hili ni somo lake peke yake. Tazama dashibodi: taa yenye picha ya ufunguo au kufuli ikipepesa, gari halijautambua ufunguo wako. Jaribu ule wa akiba. Kisha fungua swichi bila kupiga stata na usikilize nyuma. Magari mengi ya petroli hutoa mngurumo wa sekunde mbili wa pampu ya mafuta. Usiposikia kitu, angalia fyuzi na rilei ya pampu. Ukisikia harufu kali ya petroli, injini imelowa: kanyaga mafuta mpaka mwisho, piga stata sekunde chache, kwenye magari mengi kompyuta itakata mafuta na kuiacha ipumue. Kwa dizeli, shuku plagi za kupashia moto wakati wa baridi, au hewa iliyoingia kwenye mfumo wa mafuta. Gari linalozima likipata moto na kuwaka likipoa, mwambie fundi aanze na sensa ya krenkishafti, ile inayoiambia kompyuta jinsi injini inavyozunguka.

Usipige stata zaidi ya sekunde 10 mfululizo. Pumzisha dakika moja au zaidi kati ya majaribio, maana stata inachemka na betri nzima unaimaliza kwa kosa lisilo lake.

Kubusti bila kuumia wala kuunguza

Kubusti ni kuwasha gari lenye betri iliyokwisha kwa umeme wa betri ya gari jingine. Magari yote mawili yawe ya volti 12. Lori nyingi ni za 24, usizitumie. Betri iliyovimba, kupasuka, kuvuja au kuganda kwa baridi isibustiwe kabisa. Magari yasigusane. Mpangilio wa nyaya ni huu:

1. Nyekundu kwenye chanya ya betri iliyokufa.
2. Ncha ya pili ya nyekundu kwenye chanya ya betri nzima.
3. Nyeusi kwenye hasi ya betri nzima.
4. Ncha ya mwisho ya nyeusi kwenye chuma kitupu cha injini ya gari lililokufa, mbali na betri.

Hiyo ya nne ndiyo hutoa cheche, na ndiyo sababu tunaipeleka mbali na gesi. Acha gari lenye betri nzima lingurume dakika tano hivi, piga stata, na likiwaka chomoa kwa mpangilio wa kinyume.

Usilizime papo hapo. Lakini pia usidhani dakika 20 barabarani zimeijaza. Alteneta imetengenezwa kurudisha kile stata ilichotumia, siyo kufufua betri iliyokwisha. Ifunge kwenye chaja usiku mzima, kwa kiasi cha takriban sehemu ya kumi ya uwezo wake: betri ya ampea-saa 60 ichajiwe kwa ampea 6.

Kusukuma ni kwa gari la gia za mkono peke yake. Kumbuka kwamba injini ikiwa imezimwa, breki na usukani huwa vizito.

Kuitunza ili isikufikishe huku

Baridi hudhihirisha udhaifu wa betri, lakini joto ndilo linaloiua. Kama unaweza kuegesha kivulini, egesha. Kitu cha pili kinachoiua ni kukaa nusu tupu: fuwele za salfati hujijenga kwenye sahani za risasi na kuwa ngumu, na kila wiki inayopita uwezo unapungua. Gari la safari fupi za dakika tano tano halipati nafasi ya kujaza, kwa hiyo lichaji kwa chaja mara moja kwa mwezi, au litembeze safari ndefu kila wiki.

Betri yenye vifuniko vya kufungua, itazame maji. Sahani zikionekana nje ya maji, zinakufa. Ongeza maji yaliyochujwa kwa mvuke peke yake, mpaka kwenye alama. Usiongeze asidi, kwa sababu kinachopungua kwa joto na chaji ni maji, asidi inabaki. Ongeza baada ya kuchaji, isipokuwa sahani ziko wazi, hapo zifunike kwanza. Vaa miwani. Asidi ikiingia jichoni, suuza kwa maji mengi yanayotiririka kwa dakika 15 au zaidi kisha mwone daktari siku hiyohiyo.

Safisha mgongo wa betri. Ukitaka kuona kwa nini, weka ncha nyeusi ya mita kwenye hasi na ile nyekundu iburute juu ya plastiki chafu yenye unyevu. Mita itasoma volti. Ni umeme unaotembea juu ya uchafu kutoka kichwa hadi kichwa, usiku na mchana. Hakikisha pia betri imefungwa imara, maana mtikisiko hudondosha unga wa sahani mpaka chumba kikaunganika kwa ndani.

Gari litakalokaa zaidi ya wiki tatu, chomoa hasi au liache kwenye chaja ndogo ya kutunzia.

Siku ya kununua ikifika, betri nyingi huwa zimeishi miaka 3 hadi 5. Soma tarehe ya kutengenezwa kabla ya kulipa, kwani iliyokaa rafuni mwaka mzima bila chaji imeshaanza kufa. Linganisha ampea-saa, nguvu ya kuwashia kwenye baridi, ukubwa, na upande uliko chanya. Gari linalojizima lenyewe kwenye foleni linahitaji betri ya AGM au EFB (aina zilizoimarishwa kwa kuwashwa mara nyingi) kama lilivyokuja nayo. Ya kawaida itachakaa mapema sana. Ya zamani irudishe dukani au kwa wanaokusanya risasi, isitupwe shambani wala jalalani.

Ukishaifunga mpya, bandika kipande cha plasta juu yake na uandike kwa kalamu ya wino mzito tarehe, volti za asubuhi na volti za stata. Changu kinasomeka 12.7 na 10.4, na kila miezi mitatu naongeza mstari mmoja chini yake.